Wazazi wa kituo changu cha watoto hawataki kuwa kitu kimoja, naombeni ushauri

Mama Kituo: Habari za jioni wanajukwaa. Nina kituo cha kulelea watoto mchana huku Mbagala, kimesajiliwa ustawi wa jamii, watoto ni wa miaka 2 hadi 4. Ndoto yangu wazazi wawe ndugu: ukikwama kwenye foleni, mwenzio akuchukulie mwanao. Wao wanamwacha mtoto getini na kutokomea. Kundi la WhatsApp nusu wamejitoa, kikao cha Jumamosi walikuja wachache. Siku ya familia inakaribia, usingizi sipati. Nifanyeje?

Babu Chuma: Wazazi wa siku hizi! Sisi Tandika tulilelewa na mtaa mzima. Jirani anakuchapa, ukifika nyumbani unaongezewa.

Binti Mitumba: Babu, anayewahi marobota Kariakoo anatoka kwake alfajiri, hizo stori za getini atapiga saa ngapi? Na Jumamosi ndiyo siku ya kuuza. Dada, weka benchi kivulini wanapochukulia watoto jioni. Kwa mwanangu lipo. Unakaa umvalishe viatu, mwingine anakaa, mnaulizana dawa ya kikohozi. Hapo ndipo nilipompata mama aliyekaa na mwanangu nilipolazwa.

Mwalimu Mstaafu: Programu ya taifa ya malezi, PJT-MMMAM, iliyozinduliwa 2021, inasimama kwenye afya, lishe, malezi yenye mwitikio, ujifunzaji wa awali, na ulinzi na usalama. Mpe mzazi habari za mwanawe katika hayo: amekula nini, amelala, amecheza na nani. Atasimama mwenyewe. Ila kundi halikimbiwi na nusu ya watu bure. Kulitokea nini?

Mama Kituo: Mambo madogo tu ya ada, mwalimu.

Binti Mitumba: Mambo gani? Sema tukusaidie.

Mama Kituo: Niliweka kwenye kundi majina ya wanaodaiwa. Na picha za watoto, maana nina watoto wawili wa jina moja, nisimsingizie asiyedaiwa. Nilianza kuwakumbusha faragha, hawajibu. Unga, kodi ya nyumba, mishahara ya walezi, nani analipa? Na siku ya familia haiahirishwi, turubai na viti nimeshalipia. Kila kaya itachangia 15,000.

Mwalimu Mstaafu: Mama, picha ya mtoto pembeni ya deni la baba yake? Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi tangu 2022. Hata isingekuwepo, yule mtoto kakosa nini?

Kijana wa Temeke: Hii ni chai. Kituo hakina jina, picha za watoto, turubai… kuna mtu anatafuta wachangiaji. Kama kweli una kituo, tuambie uji unagawaje.

Babu Chuma: Nami nilianza kushtuka.

Mama Kituo: Kituo sikitaji kwa sababu ya wazazi wangu. Uji wa ulezi na mahindi, saa nne kasoro. Karanga natwanga pembeni, naweka kwenye kikombe kimoja kimoja, kwa sababu yupo mtoto zikimgusa anavimba midomo. Kikombe chake nimekipaka rangi ya kucha nyekundu kwenye mkono, hata mlezi mgeni hakosei. Chai hiyo?

Kijana wa Temeke: Nimekuelewa, samahani. Ila karanga ningeacha kabisa. Mpwa wangu alikimbizwa hospitali usiku kwa kipande cha kashata.

Binti Mitumba: Tusihame. Dada, futa ujumbe, kisha mpigie kila aliyetajwa umtake radhi. Na wanaoshika hela ya kila siku uwaruhusu walipe kwa siku au wiki, hela ya mwezi haikai mkononi.

Mama Kituo: Ujumbe nitaufuta leo. Kulipa kwa wiki nakubali. Kuomba radhi nitaona, mimi ndiye ninayedai. Na mchango uko palepale. Wanaodaiwa nitawasamehe huo wa sherehe, waje bure, wengine watoe 15,000.

Binti Mitumba: Siku hiyo daftari la mchango linashikwa mlangoni?

Mama Kituo: Ndiyo, na mlezi wangu.

Binti Mitumba: Kwa hiyo kila anayepita bila kutoa, waliokaa wote watajua anadaiwa. Si orodha ileile?