Mrejesho: Chenso iliyokuwa ikikata upande
Ndugu zangu, niliuliza kwa nini chenso yangu (msumeno wa mnyororo) yenye injini ya sisi (cc) 50 inapinda kulia ikikata magogo ya miwati, tena ikitoa unga badala ya chembe nene. Aliyenishauri nipime meno kabla ya kununua mnyororo mpya alikuwa sahihi kabisa, nami namshukuru: meno ya kushoto yalikuwa mafupi kuliko ya kulia. Nimeyanoa kwa tupa ya mviringo ya milimita 4.8 hadi yakalingana, nikageuza baa (ubapa wa chuma unaozungukwa na mnyororo) juu chini, kisha nikazibua kitundu chake cha oili kilichojaa unga ulioganda. Sasa inashuka wima kwenye gogo. Mchanganyiko wa mafuta ya injini sijaubadilisha, mililita 100 za oili ya tustroki kwa lita 5 za petroli zinatosha.