Takaichi kuwa waziri mkuu Japani: wanawake wameshinda, au kashinda yeye tu?

Mleta mada: Wakuu, tangu Oktoba 21, 2025 Sanae Takaichi alipopigiwa kura bungeni Tokyo akawa waziri mkuu wa kwanza mwanamke Japani, watu wanashangilia kama vile wanawake wote wa kule waliapishwa siku ile. Mimi bado sijashangilia.

Nimpe haki yake kwanza, huyu mama hajabebwa na ukoo. Pale LDP, chama chake, wamejaa watoto na wajukuu wa wanasiasa, waziri mkuu wa zamani Shinzo Abe mwenyewe babu yake naye alikuwa waziri mkuu, ila Takaichi baba yake alikuwa mwajiriwa wa kampuni na mama yake polisi huko Nara. Chuoni alikuwa anapiga ngoma kwenye bendi ya hevi metali na pikipiki anaendesha. 1992 kagombea ubunge kaangukia pua, 1993 kaingia kama mgombea huru, 2003 kiti kikaenda, karudi tena. Uongozi wa chama kaukosa 2021, 2024 akashindwa na mwenzie wa chama Ishiba, mara ya tatu ndo kaupata. Hapo sina neno.

Kinachonikwaza ni jina. Sheria yao inataka mkioana mbaki na jina moja la ukoo, na kwenye ndoa 100 kama 95 hivi anayeacha lake ni mke. Wanawake wamedai weee kila mtu abaki na lake, na Takaichi ni mmoja wa walioweka ngumu. Sasa yeye alipoolewa 2004 na mbunge mwenzie Taku Yamamoto, kwenye makaratasi akawa Yamamoto lakini kazini akabaki Takaichi, wakaachana 2017, 2021 wakarudiana na safari hii MUME ndo akawa Takaichi. Yaani utamu wa jina lake anaujua vizuri kabisa! Huku kwetu Samia ni Suluhu Hassan, jina la babake, mumewe ni Hafidh Ameir, nani aliwahi kushtuka?

Mchangiaji 1: Unamwonea mkuu. Hajasema majina yao yafutwe, anataka la zamani litambulike rasmi kwenye shughuli zao ila la familia libaki moja. Halafu nani kakwambia aligombea kwa niaba ya wanawake? Ni mtu wa Abe, anamhusudu Thatcher, yule mama aliyekuwa waziri mkuu Uingereza, hajawahi kuficha. Mwanaume akiwa mhafidhina mbona hatumuulizi kawafanyia nini wanaume wenzie.

Mleta mada: Sawa, ila ni yeye aliyeahidi baraza la mawaziri lenye wanawake wengi kama nchi za Nordiki, kule Ulaya kaskazini, tukahesabu tukapata wawili, Katayama na Onoda. Ukimtoa yeye mwenyewe lakini. Nakubali Katayama kapewa fedha, wizara nzito ile.

Mchangiaji 2: Mnabishania majina, mmesikia ya choo? Jengo la bunge lao lilikamilika 1936, wanawake hata kura hawana, walikuja kupiga 1946. Mpaka mwishoni mwa 2025 karibu na ukumbi wa mikutano wa bunge la chini choo cha kike kilikuwa na matundu mawili, wabunge wanawake walikuwa 73, kengele ya kura inalia watu wako kwenye foleni. Wakaandika barua kuomba viongezwe, karibu 60 wamesaini na Takaichi yumo. Ni waziri mkuu huyo.

Mleta mada: 😂😂 Hiyo nampa. Ila tundu la choo linataka fundi tu, la majina linataka kura za chama chake, namsubiria hapo.