Mama mjamzito wa kijijini na chakula cha shambani kwake: kaunti zifanye nini?

Mkulima wa Butere:
Ndugu zangu, kwa nini mama mjamzito wa huku kwetu ategemee vidonge vya kliniki peke yake, ilhali omena (dagaa wa ziwani), kunde, wimbi na viazi vitamu vya rangi ya chungwa vinapatikana? Kule Bungoma na Busia, magharibi mwa Kenya, mradi wa Mama SASHA uliwapa wajawazito waliohudhuria kliniki vocha za kuchukulia marando ya viazi hivyo, ambavyo vina kirutubisho kinachogeuzwa na mwili kuwa vitamini A. Kaunti zote za magharibi zifuate mfano huo. Akina mama nao waache kuuza kila yai ili wanunue sukari ya chai.

Nyar Ahero:
Kaka, kuhusu viazi sina ubishi, ila hilo la mayai limenichoma. Fedha ya mayai ndiyo pekee ambayo mama wengi hawaombi ruhusa kuitumia, nayo hulipa daftari, chumvi na nauli ya bodaboda ya kwenda hiyo kliniki unayoitaja. Ninyi mnaojaza shamba zima miwa, inayokaa ardhini mwaka mmoja na nusu au zaidi, mnataka apande marando wapi?

Mkulima wa Butere:
Dada, miwa ndiyo iliyonisomesha, na sikubali itukanwe. Nimezungumzia mayai, wewe umenirukia shamba.

Mzee wa Shinyalu:
Wanangu, mayai hayakuanza leo. Zamani katika jamii nyingi za Waluhya mwanamke alifuga kuku, akamchinjisha, akampika, lakini kumla ilikuwa mwiko kwake. Mama yangu aliishi hivyo mpaka uzeeni. Mwiko wenyewe umefifia, lakini katika nyumba nyingi mama angali anapakua chake mwisho, hata akiwa na mimba, na hakuna vocha inayogusa jambo hilo.

Muuguzi, Bungoma:
Kwa heshima, Mzee, naomba tusiwaache wasomaji wakidhani kwamba chakula kinachukua nafasi ya vidonge. Mjamzito hupewa miligramu 60 za madini ya chuma na mikrogramu 400 za asidi ya foliki kila siku, na ni vigumu kufikisha kiasi hicho cha chuma kwa mboga pekee, kwa sababu chuma cha mrenda au managu hufyonzwa kwa shida. Akila mboga hizo pamoja na omena, mwili huchukua zaidi. Akiteremshia kwa chai, hupoteza sehemu kubwa. Naona pia wanaotafuna odowa mchana kutwa, na udongo huo nao huzuia chuma kufyonzwa.

Nyar Ahero:
Asante, Dada Muuguzi. Omena yenyewe tunaigombania na watengenezaji wa chakula cha kuku, kwa hiyo bei humshinda yule yule mama asiyekula yai la kuku huyo. Narudi kwa Kaka wa Butere, maana hajanijibu: marando yapandwe katika ardhi ya nani?

Mkulima wa Butere:
Robo ekari ya upande wa kisima naweza kuiondoa miwa baada ya mavuno haya. Mavuno yake mke wangu atakula na kuuza mwenyewe.

Nyar Ahero:
Je, umemwambia mkeo, au umetuambia sisi tu?