Mtu akisema tena "tutanue wigo wa kodi" nitamuuliza: unatanua kuelekea kwa nani?

Wakuu, salamu baadaye, leo nimefura.

Nimetoka kusikiliza mjadala wa bajeti, saa mbili nzima. Wimbo uleule: mapato hayatoshi, deni limekua, wananchi hawana utamaduni wa kulipa kodi, kwa hiyo tutanue wigo. Nikaitoa karatasi yangu ya mshahara nikaikodolea macho. Sina utamaduni wa kulipa kodi? Mimi? Kodi yangu inakatwa kabla mshahara haujanifikia. Sijawahi kupewa hata nafasi ya kuikwepa!

Wenye haraka wachukue hili waondoke nalo: serikali nyingi hazimtozi mtu kwa uwezo wake. Zinamtoza kwa wepesi wa kumkamata. Basi. Hayo mengine yote ni mapambo ya hotuba.

Angalieni haya makato ya mshahara yalikotoka. Marekani ilianza kuwaagiza waajiri wakate kodi juu kwa juu mwaka 1943, Uingereza ikafuata 1944. Fedha za vita zilihitajika haraka. Vita viliisha, mkato ukabaki. Mwaka 1954 Ufaransa ikaja na Kodi ya Ongezeko la Thamani, VAT, na leo nchi nyingi duniani zinayo. VAT haikuulizi una nini. Bilionea na mfagia barabara wakinunua sabuni ya aina moja wanakatwa kiasi kilekile, ila yule hata hajui kama kakatwa, na huyu anarudisha kitu kimoja rafuni. Na hela aliyonunulia ilishakatwa kwenye mshahara. Halafu anatokea mtaalamu, tai shingoni, anatuambia watu wa chini hawalipi kodi.

Wakoloni nao walijua siri hii. Walihesabu vichwa na vibanda kwa sababu kichwa hakifichiki na kibanda hakikimbii. Sierra Leone watu waliingia vitani mwaka 1898 kwa ajili ya kodi ya vibanda. Miaka tisini na ushee baadaye Margaret Thatcher akawaletea Waingereza kodi ya kichwa ya kwao, London ikawaka ghasia Machi 1990, na kabla mwaka haujaisha hakuwa tena waziri mkuu. Kumbe hata wao kichwa kinauma.

Kuna na ile ya kimyakimya, ambayo mimi naiona mbaya kuliko zote kwa sababu haina hata mjadala. Serikali inakigandisha kiwango cha mapato ambapo kodi inaanza. Bei zinapanda, mshahara unaongezwa kidogo ili uzifukuzie bei, na ile nyongeza inaangukia kwenye kodi. Hujatajirika hata senti, ila unalipa zaidi. Uingereza pauni 12,570 ni zilezile tangu 2021. Waziri wa fedha anasimama kifua mbele kwamba hajapandisha kodi yoyote. Kweli kabisa, hajapandisha. Kakaa tu akasubiri mfumuko wa bei umfanyie kazi.

Sasa twende juu, kule ambako wigo hautanuliwi.

Mwaka 2011 Warren Buffett, bilionea mwekezaji wa Marekani, aliandika mwenyewe gazetini kwamba kodi aliyolipa ni asilimia 17.4 ya mapato yake yanayotozwa, wakati wenzake ofisini walikuwa kwenye wastani wa asilimia 36. Hilo si la mtaani, ni la bwana mwenyewe. Mapato yake mengi yalitoka kwenye uwekezaji, ambao kule hutozwa kidogo kuliko mshahara. Na matajiri wengine wana siri nyingine, nayo haina uchawi. Hisa zinapanda thamani, lakini hazitozwi mpaka ziuzwe. Tajiri haziuzi. Anaziweka dhamana, anakopa, anaishi kwa mkopo, na mkopo kisheria si mapato. Huko Marekani akifa, warithi wanazichukua kwa thamani ya siku hiyo, na faida ya miaka yote iliyotangulia inazikwa naye bila kutozwa kodi ya mapato. Hakuna sheria iliyovunjwa. Ndiyo maana napandwa na hasira! Mwizi ungempeleka mahakamani. Huyu utampeleka wapi, na sheria iko upande wake?

Na serikali zenyewe je? Hapa nakaa kidogo. Mwaka 2016 Tume ya Ulaya, chombo cha utendaji cha Umoja wa Ulaya, ilisema Ireland iliipa kampuni ya Apple unafuu wa kodi usio halali, na ikaiagiza nchi hiyo idai takriban euro bilioni 13. Mnajua Ireland ilifanya nini? Ilikwenda mahakamani kupinga. Serikali inapigana isilipwe! Kesi ikasukumwa miaka minane, hadi Septemba 2024 Mahakama ya Haki ya Ulaya ilipoamua kwamba fedha hizo zikusanywe. Mwenye duka mtaani akichelewa kulipa siku chache anapigwa faini na riba, na sijaona serikali ikimtafutia wakili.

Najua wapo wanaokuja na "ukiwabana matajiri watahama". Sawa, baadhi watahama. Lakini mlango wanaopitia umeachwa wazi na nani? Mwaka 2021 zaidi ya nchi 130 zilikubaliana kampuni kubwa za kimataifa zisilipe chini ya asilimia 15 popote zilipo. Juni 2025 nchi za G7, lile kundi la mataifa saba tajiri, zikakubaliana kwamba makundi ya kampuni yenye makao Marekani yawekwe kando ya sehemu kubwa ya utaratibu huo. Na kule Umoja wa Mataifa, nchi za Afrika zilipopeleka azimio la kutaka mkataba wa kodi wa kimataifa Novemba 2023, kura za ndiyo zilikuwa 125 na za hapana 48. Waliosema hapana? Marekani, Uingereza, nchi za Umoja wa Ulaya, Japani. Haohao wanaotufundisha uadilifu wa bajeti.

Mnyonge mnyongeni haki yake mpeni: kodi lazima ilipwe. Hospitali haziendeshwi kwa maombi, na kuna biashara ndogo zinazoficha mauzo pia. Nalalamikia mpangilio wa nani anaguswa kwanza. Ufaransa mwaka 2018 ilianza kwa kufuta kodi ya utajiri ikabakiza ya majumba tu, kisha ikataka kupandisha kodi ya mafuta. Ikashangaa kuona waandamanaji wenye vizibao vya njano wamejaa barabarani. Uingereza Septemba 2022 waziri mkuu Liz Truss akataka kuwafutia wenye kipato cha juu kile kiwango cha kodi cha asilimia 45, kwa fedha za kukopa. Pauni ikaporomoka, Benki Kuu ikaingia kuokoa mifuko ya pensheni, mpango ukarudishwa kabatini ndani ya siku kumi. Lakini riba za mikopo ya nyumba zilikuwa zimeshapaa, na waliozilipa si wale wa asilimia 45. Serikali ikikosea hesabu, bili inakuja chini.

Kwa hiyo sitaki tena kusikia "tufunge mikanda". Wengine mkanda umefika tundu la mwisho, wengine hata mkanda wenyewe hawajavalishwa. Nataka kitu kimoja tu kabla ya kodi mpya yoyote: orodha ya misamaha yote ya kodi itangazwe hadharani. Kapewa nani, kiasi gani, kwa kazi gani, mpaka lini, na kazi hiyo imeonekana wapi. Mshahara wangu unajulikana hadi senti ya mwisho, kwa nini msamaha wa kampuni uwe siri ya biashara?

Haya, njooni. Matusi naruhusu. Ila anayekuja na uzalendo aanze kwanza na zile euro bilioni 13.