MREJESHO: Bibi yangu na pesa za wazee

Ndugu zangu, miezi kadhaa iliyopita niliwaeleza habari za bibi yangu hapa Arua, Uganda, nikaomba ushauri. Ana miaka 84, lakini kitambulisho cha taifa kilimpunguzia miaka kumi, kwa hiyo akakosa ile shilingi 25,000 ya kila mwezi wanayopewa na serikali wenye miaka 80 na zaidi.

Aliyesema tutafute kadi ya ubatizo, Mungu akubariki. Barua ya mwenyekiti wa LC1 (baraza la kijiji) peke yake haikutosha. Kadi ndiyo iliyofungua mlango. Tarehe imerekebishwa.

Hata hivyo, kwenye gombolola (ofisi ya serikali iliyo chini ya wilaya) faili lake lililala. Nikafuata ushauri wa pili: kumwendea diwani anayewakilisha wazee (kumbe kila baraza lina wawili, mwanamke na mwanamume). Mama yule alikwenda mwenyewe kwa afisa wa maendeleo ya jamii na kuuliza kuhusu majina yote yaliyokwama, si la bibi tu. Nilifurahi sana.

Bibi ameshapokea malipo ya kwanza. Akanunua sabuni, sukari na dawa ya macho. Ya nyuma hatukupata, tumeambiwa hayalipwi. Jirani yetu kipofu bado anasubiri pesa zake. Kesho nampeleka kwa diwani yuleyule.

Asanteni sana.