Kubadili na kugeuza ni kitu kimoja? Mnaosema "tubadili katiba" mnamaanisha nini hasa

Wadau habari za jioni. Jana kijiweni Kariakoo ilizuka ligi ya katiba mpya, ikafika mahali watu wameiacha katiba wanagombania neno. Jamaa mmoja kashikilia kwamba kubadili ni kurekebisha tu huku na kule, kugeuza ndo kukifanya kitu kiwe kingine kabisa, kwa hiyo ile Sheria ya Mabadiliko ya Katiba ya 2011, iliyoanzisha mchakato wa kupata katiba mpya, eti ilitupiga changa la macho kuanzia kwenye jina.

Mi nabisha. Badili imetoka kwenye Kiarabu, ni ndugu wa damu na "badala", yani unatoa hiki unaweka kile. Ukimpa mwenye duka noti ya elfu kumi ukamwambia nibadilishie, yeye anabaki nayo we unaondoka na buku buku zako kumi, hakuna noti iliyorekebishwa hapo. Sasa njoo kwenye geuza. Mama wa pale kijiweni anageuza chapati, ya juu imekuwa chini, mafuta yanachacharika, ila ni chapati ile ile aliyoisukuma. Mwaka 1992 tulivyoingia vyama vingi watu wakaita mageuzi, na katiba ni ile ile ya 1977, imegeuzwa upande tu. Neno lilikaa pake kabisa!

Mdau wa Tandika: Mkuu umekomaa na chapati, vipi maziwa yakigeuka mtindi? Mchawi akigeuka paka? Hapo kimebaki nini?

Dada wa Mbagala: Mi nasema geuka ni ya kwetu, ya Kibantu, hiyo badili ya kuletwa tuachane nayo.

Mleta mada: Dada yangu ukiitupa badili tupa na badala, halafu utuambie utasema nini badala ya "badala" 😂. Tandika, kwa mchawi hunipati. Kwenye hadithi zetu yule paka akipigwa usiku mguuni, asubuhi jirani anaamka anachechemea, mguu ule ule. Ni yeye yule. Hata kigeugeu ni mtu mmoja tu, leo uso huku kesho uso kule.

Mdau wa Tandika: Mtindi haurudi kuwa maziwa mkuu, umeuruka. Nasubiri.