Seva ya Koha maktabani: Debian, Ubuntu, au Windows yenye mashine pepe?

Mkutubi_Kasulu

Wakuu, habari za jioni. Mimi ni mkutubi wa chuo cha ualimu huku Kasulu. Tuna vitabu kama 11,000 na kuazimisha bado kunaandikwa kwenye rejesta. Juzi mwanachuo anayehitimu alileta fomu yake nimsainie kwamba hadaiwi kitabu. Nikapekua rejesta tatu kutafuta kitabu kimoja cha saikolojia. Jina lake nililiona baada ya karibu saa nzima, wino umefifia, na foleni nyuma yake imefika mlangoni.

Uongozi umekubali tuhamie Koha, programu huria ya kuendeshea maktaba. Tumepewa kompyuta moja ya kuwa seva: RAM GB 8, SSD GB 500, na UPS ndogo. Kijana wetu wa TEHAMA anataka Windows kwa sababu ndiyo sote tunaijua. Chuo jirani wana Ubuntu, aina mojawapo ya Linux, ule mfumo endeshi huria. Mahali pengine nimesoma kwamba Debian, nayo ni Linux, ndiyo inayopendekezwa. Mkataba wa kijana unaisha Juni, kwa hiyo atakayebaki na seva ni mimi, na Linux sijawahi kuigusa. Nichague ipi?

Fundi_Moro

Dada, Windows iweke kando kwanza. Koha imeandikwa kwa lugha ya Perl na inategemea Apache (seva ya wavuti), MariaDB (hifadhidata) na Zebra (faharasa ya kutafutia vitabu), na vifurushi vinavyotolewa na watengenezaji wenyewe ni vya Debian na Ubuntu LTS, yaani matoleo ya Ubuntu yanayohudumiwa kwa muda mrefu. Anayeng'ang'ania Windows huishia kuweka VirtualBox, programu ya kuunda mashine pepe, yaani kompyuta ndani ya kompyuta, kisha Linux ndani yake. Linux hajaikwepa, na sasa ana mifumo miwili ya kulea kwenye RAM ileile ya GB 8.

Mimi ni wa Debian, na sikuanza jana. Unaongeza hazina ya vifurushi ya Koha, unaandika `apt install koha-common`, halafu `koha-create --create-db` na jina la maktaba yako. Baada ya hapo seva inatulia. Debian haikusukumii vitu vipya kila mwezi. Inakuletea marekebisho ya usalama na ya hitilafu kubwa tu. Kwa mtu atakayebaki peke yake na mashine, utulivu huo ndio anaouhitaji kuliko kitu chochote.

Mwana_wa_Mvita

Nakubaliana na Fundi kuhusu Windows, ila Ubuntu msiitupe hivyo. Mimi natunza seva ya maktaba ya shule hapa Mombasa, iko kwenye Ubuntu 22.04 na inakwenda vizuri. Vijana wengi wanaofunzwa Linux huku wanaanzia Ubuntu. Siku nikiwa safarini, nampata wa kunisaidia kwa simu moja. Na dada ana chuo jirani chenye Ubuntu: hao ni majirani wa kuwakimbilia mambo yakiharibika.

Mambo mawili tu. Chukua LTS, usichukue toleo la katikati. Kuna mwenzetu aliweka 23.10 kwa kuwa ndiyo ilikuwa mpya kuliko zote, na Julai 2024 masasisho yakakoma, maana matoleo ya katikati huhudumiwa miezi tisa tu. LTS unapata miaka mitano. La pili, sakinisha `mariadb-server` kwa jina lake kabla ya Koha. Kwenye Ubuntu ukiomba `mysql-server` unapewa MySQL yenyewe, hifadhidata nyingine, si MariaDB.

Fundi_Moro

Hapo kwenye MariaDB umesema kweli, na kwangu ni sababu nyingine ya kwenda Debian: toleo lake la kawaida halina MySQL hiyo, hivyo huna njia ya kukosea. Hoja ya majirani naiheshimu. Lakini amri za `koha-` ni zilezile kote kuwili. Jirani wa Ubuntu atamsaidia mwenye Debian bila shida.

Bi_Maktaba

Naomba niseme la mashine pepe, maana nimeliishi. Tulifanya hivyo kwenye sekondari moja nilikokuwa. Windows chini, VirtualBox juu yake, Koha ndani. Miezi minne hatukuona tatizo. Kisha usiku mmoja Windows ikajisasisha na kujiwasha upya, na hakuna aliyekuwa ameiwekea mashine pepe iamke yenyewe. Asubuhi nafika, ni wiki ya mitihani, watoto wamejipanga na vitabu mikononi, na skrini inasema ukurasa haupatikani. Tuliandika kwenye daftari hadi saa nane mchana, fundi alipofika. Baadaye umeme ukakatika wakati kila kitu kinafanya kazi, na tulipowasha tukawa tunatafuta vitabu tunavyoviona rafuni, mfumo hauvioni. Ikabidi fundi ajenge faharasa upya kwa `koha-rebuild-zebra`.

Dada, usipite njia hiyo. Kwa kujifunza kwenye laptopu yako, sawa. Kwa dawati la kuazimishia, hapana.

Kijiko_Cha_Data

Mimi nilijaribu Debian zamani nikaishia njiani, haikuitambua kadi ya mtandao. Nikarudi Ubuntu. Hilo limekwisha?

Fundi_Moro

Limekwisha, mkuu. Tangu Debian 12, iliyotoka Juni 2023, programu za kuendeshea kadi hizo zimo ndani ya flashi rasmi ya kusakinishia. Zamani ulilazimika kuzitafuta pembeni, na wengi walikata tamaa hapo.

Mkutubi_Kasulu

Asanteni sana. Nimemsomea kijana wetu ushuhuda wa Bi_Maktaba, Windows ameiacha. Nimeelekea Debian. Ninachoogopa ni Juni. Kijana akiondoka na kitu kikaharibika, nifanyeje?

Bi_Maktaba

Anza leo, asije akaondoka ndipo ukumbuke. Nywila ya seva iandikwe, iingie kwenye bahasha, bahasha ikae kwenye kabati la mkuu wa chuo. Halafu kaa naye, wewe uandike amri kwa mkono wako, yeye atazame. Mimi nilijaza kurasa sita za daftari, na bado nazifungua.

Fundi_Moro

Naongezea nakala rudufu. Koha iliyosakinishwa kwa vifurushi hujinakili yenyewe kila siku, faili ziko `/var/spool/koha`. Wengi wanasikia hivyo wanalala usingizi. Angalieni mambo mawili: ziko kwenye diski ileile ya seva, na bila kubadilisha mpangilio zinatunzwa za siku mbili tu. SSD ikifa, zimekwenda nayo. Kila Ijumaa nakili faili ya `.sql.gz` na ya `.tar.gz` kwenye diski ya nje, na diski isilale maktabani.

Kisha zirudishe kwa `koha-restore` kwenye kompyuta nyingine, hata chakavu, uone vitabu vyako vimetokea. Nakala ambayo hujawahi kuirudisha usiihesabu.

Mwana_wa_Mvita

Na UPS je? Hiyo ndogo itakupa dakika chache tu, na umeme ukikatika usiku hakuna wa kuizima seva. Kama ina tundu la USB, iunganishe na seva na usakinishe `nut`. Inasoma hali ya betri, ikibaki kidogo inaizima seva kwa utaratibu. Kifurushi hicho kipo Debian na Ubuntu pia, kwa hili hatuna ugomvi na Fundi.

Mkutubi_Kasulu

Nimeinama nyuma ya meza sasa hivi kuangalia. Tundu lipo, waya wake haukuja nao. Kesho naufuata mjini, na Jumamosi tunaweka Debian, mimi nikiwa kwenye kibodi.